Mkate na Mpira



Kila mara kikundi cha vijana wa parokia kinapopendekeza kupeleka mipira katika kambi ya wakimbizi wa ndani, hutokea mtu mzima mwenye busara akauliza: "Watu hawana unga, nanyi mnawapelekea mpira?" Swali hilo hufunga mazungumzo. Vijana hunyamaza, wakaona haya kana kwamba wametaka kupiga ngoma penye msiba. Katika ukurasa huu nataka kulijibu, kwa sababu naamini limekosewa tangu mwanzo wake. Linadhani kwamba mtoto aliyekimbia vita ni tumbo tu, na kwamba tukisha kulijaza tumbo hilo tumemaliza deni letu kwake.

Ili kulijibu nitaanzia mbali, kwenye mchezo ambao sisi wa Ituri hatuuchezi wala hatuna pa kuuchezea: mbio za kuteleza juu ya barafu. Naomba mnivumilie, kwa maana mtu aliyejibu swali letu vizuri kuliko wengi alikuwa mwanamichezo wa barafu, na jibu lenyewe alilipata hapa hapa Afrika.

Mshindi wa Hamar na watoto wa Eritrea

Barafu tunayoijua sisi ni ile ya friji, siku umeme unapokuwapo, na ile ya vilele vya Ruwenzori, kusini mwetu, mpakani na Uganda. Lakini katika nchi za baridi kama Norwei na Uholanzi, maji ya mito na maziwa huganda hata watu wakapita juu yake. Tangu zamani wenyeji wa huko huvaa viatu vyenye ukingo wa chuma ulionolewa, wakateleza kwa kasi kubwa. Katika desturi hiyo ulizaliwa mchezo wenye sheria zake: uwanja wa mzunguko wa mita 400, wakimbiaji wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja katika njia yake, na saa ndiyo inayoamua mshindi kati ya wote waliokimbia.

Mwezi wa Februari 1994, Norwei iliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi katika mji wa Lillehammer. Mbio za kuteleza zilifanyika Hamar, mji wa jirani. Dominika tarehe 13, kijana wa nchi hiyo aitwaye Johann Olav Koss, mwenye umri wa miaka 25, alishinda mbio za mita 5,000. Siku tatu baadaye alishinda mita 1,500. Dominika iliyofuata, tarehe 20, alishinda mita 10,000, yaani mizunguko 25, kwa dakika 13 na sekunde 30.55, akapunguza karibu sekunde 13 kutoka rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka yeye mwenyewe. Mbio tatu, medali tatu za dhahabu, rekodi tatu za dunia, na zote mbele ya watu wa nchi yake.

Kijana mwingine angeishia hapo. Koss, baada ya ushindi wa mita 1,500, alitangaza kwamba anatoa fedha za tuzo yake kwa mfuko ulioitwa Olympic Aid, uliokuwa ukiwasaidia watoto wa nchi zilizopigwa na vita. Mmoja wa miji iliyokusudiwa ulikuwa Sarajevo, ulioandaa michezo hiyo hiyo mwaka 1984, na ambao miaka kumi baadaye ulikuwa umezingirwa na kupigwa kwa mizinga. Tena akawaomba wananchi wenzake watoe kroner 10 kwa kila medali ya dhahabu ambayo Norwei ingeipata.

Kabla ya ushindi huo, Koss alikuwa ameitembelea Eritrea, nchi iliyopata uhuru wake mwaka 1993 baada ya vita vya miaka 30. Huko aliwaona watoto wakicheza mpira, lakini mpira wenyewe ulikuwa shati lililokunjwa na kufungwa fundo. Mwenye shati alikuwa na marafiki wengi kuliko wenzake wote, kwa sababu shati lake lilikuwa na mikono mirefu, na bila mikono mirefu hakuna cha kufungia. Watoto wa mitaa yetu ya Bunia, wanaofunga mifuko ya plastiki kwa kamba mpaka iwe mviringo, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya michezo ya Hamar, mwaka huo huo wa 1994, Koss alirudi Eritrea na tani kadhaa za vifaa vya michezo vilivyokusanywa Norwei. Huko kwao walikuwapo waliomlaumu: nchi ina njaa, wewe unaipelekea mipira! Ni lile lile swali la mtu wetu mwenye busara. Koss mwenyewe amesimulia zaidi ya mara moja kwamba hata yeye alipofika moyo ulimsuta, akamwambia rais wa nchi, Isaias Afwerki, kwamba huenda amekosea, kwamba labda angaliwaletea chakula. Jibu alilopewa lilikuwa na maana hii: zawadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote walizopata kupewa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walikuwa wametendewa kama binadamu, si kama viumbe wa kulishwa ili wasife tu.

Mfuko ule wa Olympic Aid uligeuka kuwa shirika kamili mwaka 2000, na tangu mwaka 2003 unaitwa Right To Play, maana yake haki ya kucheza. Kazi zake za kwanza zilikuwa katika kambi za wakimbizi za Angola na Côte d'Ivoire, na baadaye ukafika hata kwa majirani zetu wa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi.

Sipendi kuwaficheni upande wa pili wa habari hii. Eritrea ile ile iliyopokea mipira kwa furaha iliwaingiza vijana wake, miaka iliyofuata, katika utumishi wa kitaifa usio na mwisho unaojulikana, na maelfu kwa maelfu yao wamekimbia nchi. Neno zuri la mtawala halikuwalinda. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mpira ni badala ya haki na uhuru, kama vile si badala ya unga. Ninalosema ni dogo zaidi, lakini ni la hakika: anayemnyima mtoto mchezo kwa sababu ya umaskini wake amemfanya kuwa maskini mara ya pili.

Watoto katika viwanja vya Yerusalemu

Je, hili ni neno la wanamichezo tu, au ni neno la imani yetu pia? Fungueni kitabu cha nabii Zekaria, sura ya nane, aya ya nne na ya tano. Nabii huyu alisema na watu waliorudi kutoka uhamishoni. Mji wao ulikuwa bado una magofu. Hekalu lilikuwa likijengwa upya. Mashamba yalikuwa na wenyewe wapya. Tungesema leo: walikuwa wahamishwa waliorudi kijijini na kukuta nyumba hazina mabati. Watu wa namna hiyo Mungu angeweza kuwaahidi mambo mengi. Angeweza kuwaahidi ghala zilizojaa au jeshi lenye nguvu. Lakini ishara ya amani aliyompa nabii ni hii: wazee waume kwa wake wameketi katika viwanja vya mji, kila mmoja na fimbo yake mkononi kwa wingi wa siku zake, na viwanja hivyo hivyo vimejaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Tafakarini maono hayo. Mahali ambapo watu hufikia uzee na watoto hucheza nje bila woga, hapo vita vimekwisha kweli. Hatuhitaji tangazo la redio ili tujue. Na hapo ambapo kiwanja ni kitupu, wazee wamekufa kabla ya wakati na watoto wamefichwa ndani, hakuna mkataba uliotiwa saini unaotosha kutuambia kwamba pana amani. Mungu hakusema kwamba watoto watacheza baada ya mambo muhimu kutengenezwa. Mchezo wao umo ndani ya mambo muhimu yenyewe.

Kanisa limelielewa hilo kwa muda mrefu. Don Bosco Mtakatifu, pale Torino, aliwakusanya vijana wasio na kazi wala makao, na katika oratorio yake kiwanja cha michezo kilikuwa sehemu ya malezi pamoja na kanisa na darasa. Watoto wake wa kiroho, Wasalezyani, walifika nchini mwetu mwaka 1911, na nyumba yao ya Ngangi, mjini Goma, imewapokea watoto wengi waliopotezana na wazazi wao katika vita vya Kivu. Tarehe 29 Oktoba 2000, Papa Yoane Paulo wa Pili aliadhimisha Yubilei ya wanamichezo ndani ya uwanja wa Olimpiki wa Roma. Na tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alipotaka kukutana na vijana na makatekista wa Congo, mahali palipochaguliwa palikuwa uwanja wa mpira, Stade des Martyrs, kule Kinshasa. Aliwaonyesha vidole vitano vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma. Anayejua mchezo atakubali kwamba vinne kati ya hivyo hujaribiwa kila siku uwanjani, na cha kwanza ndicho kinachotusaidia kuvishika.

Hata mataifa ya dunia yamekubali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza, katika ibara yake ya 31. Haukuandika: isipokuwa mtoto aliye kambini.

Watoto hawakosi wa kuwakusanya

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya kwetu. Historia ya Ituri imetufundisha kwamba mtoto asiyekusanywa na wema hukusanywa na wengine. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kosa la kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita vilivyopiganwa hapa Ituri mwaka 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo tangu kuundwa kwake, na ilihusu wavulana na wasichana wa milima hii yetu. Majeshi mengine nayo yalikuwa na watoto wao. Neno "kadogo" tulilitumia wenyewe mitaani, kwa mazoea, kana kwamba lilikuwa jina la kazi.

Kadogo alipewa nini? Alipewa kundi, kiongozi, jina jipya, wimbo wa kuimba pamoja, na adui. Ukiondoa hicho cha mwisho, ni vitu vile vile ambavyo timu nzuri humpa kijana. Wale waliowachukua watoto walijua kwamba mtoto ana njaa ya kuwa mmoja wa kundi, nasi mara nyingi tumekumbuka njaa ya tumbo peke yake. Leo hii makundi yenye silaha bado yapo Djugu, Irumu na Mambasa. Kijana wa miaka 14 aketiye mbele ya hema tangu asubuhi mpaka jioni, bila shule, bila kazi, bila mchezo, yuko sokoni: atakayetangulia kumwita kwa jina lake ndiye atakayempata.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa pia kwamba mtoto huijua sheria katika mchezo kabla ya kuijua darasani. Katika kuruka kamba anajifunza kungoja zamu yake na kukubali kwamba ametoka. Katika mpira anajifunza kwamba filimbi ikilia, hata mwenye nguvu husimama. Mtoto aliyeona mwenye bunduki akifanya apendavyo anahitaji kuona, kwa macho yake, mahali ambapo sheria ni moja kwa wote na inatiiwa. Kiwanja kidogo cha vumbi kinaweza kuwa mahali pa kwanza anapoliona jambo hilo.

Vipingamizi vitatu

Mtu atasema kwanza: "Lakini njaa ipo." Ipo, nami sitaki kijana yeyote asome ukurasa huu akapata kisingizio cha kutoa mpira ili abaki na unga wake. Mpira hautolewi mahali pa kikapu cha sadaka. Hutolewa pamoja nacho. Bwana wetu aliulisha umati jangwani baada ya kukaa nao na kuwafundisha, akawaketisha kwanza kwenye majani mabichi, kikundi kwa kikundi (Mk 6:34-44). Hakuwarushia mikate. Aliwapokea kama wageni.

Wa pili atasema: "Usalama uko wapi?" Swali hili ni zito, na anayelipuuza hawapendi vijana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wakimbizi zaidi ya 50 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule. Usiku wa kuamkia Dominika tarehe 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliwaua makumi ya watu huko Komanda, katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wa Krusadi ya Ekaristi waliokuwa katika mkesha wa sala. Walikuwa wenzenu. Kwa hiyo msiende popote bila ruhusa ya paroko, bila kuafikiana na kamati ya kambi, wala msicheze mpaka jua likazama. Busara ni fadhila. Lakini hatukuacha Misa kwa sababu ya Komanda, na wauaji wasituamulie lini watoto wetu wakutane. Wakifaulu kutufanya tujifungie kila mmoja kwake, watakuwa wameshinda hata bila kurudi.

Wa tatu atasema: "Michezo yenyewe inaleta ugomvi." Ni kweli kwamba inaweza. Tumeona timu zinazofuata kabila. Tumeona mashindano yanayoitwa kwa jina la mheshimiwa fulani, jezi zikiwa na picha yake, na uchaguzi ukiisha mipira inaisha pia. Tumeona vijana wanaopoteza faranga za sabuni katika kubeti matokeo ya timu za Ulaya, wasiocheza hata dakika moja wao wenyewe. Hayo yote ni magonjwa ya mchezo. Lakini mwenye shamba lenye magugu hung'oa magugu, hachomi shamba.

Anayetoka njia ya ndani humpisha mwenzake

Namna ya kuung'oa ugomvi huo, nadhani mchezo ule wa barafu unaweza kutufundisha. Nimesema kwamba wakimbiaji ni wawili, mmoja katika njia ya ndani, mwingine katika njia ya nje. Njia ya ndani ni fupi. Kama kila mmoja angebaki katika njia yake, wa ndani angeshinda bila jasho. Kwa hiyo sheria inaamuru kwamba katika kila mzunguko wabadilishane: wa ndani aende nje, wa nje aingie ndani, ili mwishoni wawe wamebeba uzito sawa. Na je, wakifika pamoja mahali pa kupishana, nani atangulie? Sheria inajibu wazi: anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita. Aliyetoka njia ya ndani, aliyekuwa na njia fupi, ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake, na wakigongana yeye ndiye mwenye kosa.

Watunga sheria hao walifikiria mwendo wa chuma juu ya barafu, wala hawakufikiria Ituri. Lakini tazameni jinsi inavyotufaa. Mwenye nyumba Bunia, mwenye mlango unaofungwa, ambaye bado ana shamba au mshahara au karo ya shule, yuko katika njia ya ndani. Aliyetoka Djugu na godoro kichwani, anayelala Kigonze au katika kambi ya Rho, yuko katika njia ya nje. Wala njia hizi si za milele. Mwezi wa Mei 2003 ni watu wa Bunia waliokimbia, wakakaa chini ya mahema ya plastiki karibu na uwanja wa ndege. Wazazi wenu wanakumbuka. Mzunguko mmoja wewe uko nje, mzunguko mwingine uko ndani. Ndiyo maana anayekwenda kambini asiende kama tajiri anayemtembelea ombaomba. Aende kama mtu aliyekuwa na njia fupi na ambaye sasa ni zamu yake kumpisha mwenzake.

Kwa vitendo, hilo lina maana zifuatazo. Timu zipangwe kwa kura, si kwa kabila, si kwa parokia, si kwa "sisi wa mjini" na "wao wa kambini". Mwamuzi atoke kambini mara kwa mara, ili mtoto wa kambi amwone mtu wake akipuliza filimbi na kila mmoja akitii. Wasichana wasiwekwe kando kupiga makofi: wana nzango yao, wana kamba, wana mpira wa wavu, na uwanja ni wao pia kwa saa zao. Mlemavu apate nafasi yake. Mpira ubaki kambini baada ya ninyi kuondoka, ukitunzwa na watoto wenyewe. Pasiwe na jezi ya mgombea. Pasiwe na kubeti, hata kwa peremende. Tena mwanzoni na mwishoni iwepo sala fupi, isiyomlazimisha ndugu wa dhehebu au dini nyingine.

Msimsahau yule anayeshindwa. Mwaka 1998, kule Nagano nchini Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji, akiwa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki za majira ya baridi. Alifika wa mwisho, wa 92, dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama pale pale mwisho wa njia, sherehe ya medali ikingoja, ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Timu ya parokia ikishinda mabao sita kwa bila na kuondoka ikiimba, imepoteza. Ikingoja, ikashikana mikono, ikanywa maji kutoka ndoo moja na walioshindwa, imefanya kazi ya Injili.

Neno la mwisho

Vijana wapendwa, iwe mko Xaveri, Kizito-Anuarite, Kiro au kwaya, sitaki muahidi mambo makubwa. Chagueni kambi moja, na Dominika moja kila mwezi, baada ya Misa. Kusanyeni faranga katika mashirika yenu: nusu iwe ya unga na sabuni, nusu ya mpira na kamba. Mwende na vyote viwili siku moja, mkono mmoja na mwingine. Wala msiache baada ya miezi miwili, kwa maana mtoto aliyeachwa mara nyingi huhesabu nani amerudi.

Siku moja, kwa neema ya Mungu, watarudi milimani kwao. Tunawaombea watakapofika waone yale aliyoyaona Zekaria: wazee wameketi uani na fimbo zao, watoto wamejaa kiwanjani. Lakini watoto hao watacheza pamoja siku ile ikiwa wamejifunza kucheza pamoja leo. Mkiulizwa tena kwa nini mnapeleka mpira penye njaa, jibuni kwa upole: tumeleta na unga pia, mama, ila huyu mtoto si tumbo tu, ni mtoto.

*Maswali kwa mazungumzo ya kikundi*

1. Katika parokia yetu, nani yuko katika njia ya ndani na nani yuko katika njia ya nje? Je, sisi tumempisha nani mwaka huu?
2. Someni Zekaria 8:1-8. Ni ishara gani ambayo ingetuonyesha sisi wa Bunia kwamba amani imekuja kweli?
3. Tukichagua kambi moja na Dominika moja kila mwezi, tunahitaji ruhusa ya nani, vifaa gani, na nani kati yetu anaahidi kutokosa?